Unga wa mng'ao wa kudumu: dalili, sababu na tiba kwenye vipimo na picha za kibayolojia

Unga wa mng'ao wa kudumu hula mwanga, huuweka, kisha huutoa polepole taa ikishazimwa. Ndani ya fuwele zake mna mitego inayonasa elektroni. Joto la kawaida la chumba ndilo linalozichomoa moja moja, na kila inayochomoka huishia kwenye atomu ya yuropiamu au kromi, ambayo ndiyo inayotoa mwanga tunaouona. Faida yake maabara ni kwamba unasoma taa ikiwa imezimwa. Mkojo, damu, karatasi na plastiki vyote huwaka vyenyewe chini ya UV, ila karibu vyote huzimika papo hapo taa inapozimwa, na kinachobaki ni chembe zako.

Kwa Unguja na Pemba jambo hili lina maana ya pekee. Kichocho kimepungua sana na mayai kwenye mkojo yamekuwa machache, kwa hiyo hadubini hukosa wagonjwa wengi wenye minyoo michache. Vipimo vya CAA, antijeni inayotolewa na minyoo yenyewe, vinavyotumia chembe za apukonvasheni (zinazogeuza infraredi kuwa mwanga unaoonekana) vimeshafanyiwa utafiti hapa visiwani kwa sababu hiyohiyo, na chembe hizo nazo hukwepa mwanga wa mkojo wenyewe. Chembe za mng'ao wa kudumu ni jamaa zao, ila hizi hazihitaji leza wakati wa kusoma. Kisanduku cheusi na simu vinatosha.

Aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi mezani. Ya kwanza ni aluminati ya strontiamu yenye yuropiamu na dispirosiamu, SrAl2O4:Eu,Dy, iliyotangazwa mwaka 1996 na watafiti wa Japani. Hung'aa kijani, nm (nanomita) 520, na ndiyo inayofaa kanda za kipimo, yaani vijikaratasi vya mistari kama vya kupima mimba. Ya pili ni galeti ya zinki yenye kromi, ZnGa2O4:Cr, inayong'aa wekundu wa mbali karibu na nm 695. Hiyo hupenya nyama vizuri zaidi na ndiyo ya picha ndani ya wanyama wa maabara. Tabia zao ni tofauti, na makosa mengi hutokea mtu anapoitendea moja kama nyingine.

Kwanza tengeneza kidonge cha rejea

Kabla ya kulaumu kemia, pata kitu kisichobadilika cha kulinganishia. Changanya gramu 1 ya epoksi angavu ya sehemu mbili na mg 100 za unga mkavu usiosagwa, mimina kwenye kifuniko kidogo cha chupa kwa unene wa mm 2, acha kigande saa 24 mahali pakavu. Epoksi hulinda unga dhidi ya maji, kwa hiyo kidonge kitakuwa vilevile kwa muda mrefu. Kila unapochaji sampuli, chaji na kidonge pembeni yake, kwa umbali uleule. Kila picha iwe na kidonge ndani.

Hapo uamuzi unakuwa mwepesi. Kidonge kikififia pamoja na sampuli, tatizo liko kwenye taa, kamera au joto la chumba. Kidonge kikiwa sawa na sampuli ikififia, tatizo liko kwenye chembe, bafa (kimiminika kinachotuliza pH) au kingamwili zilizofungwa kwenye chembe. Mtu asiye na kidonge hujikuta anasaga unga mpya wiki nzima kumbe betri ya tochi imekwisha.

Dalili: unga hauwaki, au unawaka kidogo mno

Anza na taa. Tochi nyingi za UV zinazouzwa madukani ni za nm 395. Mwanga wake wa zambarau unaonekana wazi kwa macho. Aluminati ya strontiamu huchajika vizuri kwa 365 na hata 395, kwa hiyo tochi hiyo haina lawama. Galeti ya zinki ni mambo mengine: chaji kamili huipata kwenye UV kali ya nm 254. Taa hiyo haipenyi kioo cha kawaida wala sahani ya plastiki ya polistirini. Ukiweka chembe ndani ya kichupa cha kioo na kumulika kwa 254 kutoka nje, unachaji kioo tu. Mulika kutoka juu bila kifuniko, au tumia kichupa cha kwatzi. Na uvae miwani ya kinga na mikono mirefu, maana 254 huunguza macho na ngozi ndani ya dakika chache bila kuonya.

Umbali wa sm 3 hadi 5 na dakika 1 hadi 5 kwa kawaida hutosha kujaza mitego. Baada ya hapo kuongeza muda hakuongezi kitu.

Halafu jicho. Kwenye nm 695 jicho la binadamu lina chini ya asilimia 1 ya wepesi lilionao kwenye kijani. Galeti ya zinki inaweza kuwa inang'aa vizuri kabisa na wewe usione chochote. Usiihukumu kwa macho. Ipige picha kwa kamera iliyoondolewa kichujio cha infraredi.

Ikiwa ni aluminati na kidonge kinang'aa ilhali unga wa chupani haung'ai, mtuhumiwa mkuu ni maji. Unga huu ukikutana na maji huvunjika: strontiamu hutoka na kuwa haidroksidi, pH hupanda, na kinachobaki ni unga mweupe usio na kazi. Si lazima umwagiwe. Chupa iliyofunguliwa kila siku wakati wa masika, au iliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari, hunywa unyevu taratibu hadi unga unashikana mabonge. Mabonge yaliyokwisha kuwa meupe hayarudi kwa kukausha. Yatupe.

Sababu ya mwisho ni unga wenyewe kuwa si ule uliodhani. Unga wa rangi za kung'aa gizani unaouzwa bei rahisi huenda ukawa salfidi ya zinki yenye shaba, teknolojia ya zamani inayofifia mapema sana. Kuupima ni rahisi: weka mg 10 kwenye mL 1 ya maji yaliyochujwa ayoni, subiri saa moja, pima kwa karatasi ya pH. Aluminati isiyofunikwa hupandisha pH juu ya 10; salfidi ya zinki huiacha karibu na maji yalivyokuwa. Angalia tu kama muuzaji ameandika kuwa unga umefunikwa dhidi ya maji, maana huo nao pH yake hutulia.

Dalili: unang'aa ukiwa mkavu, unakufa ukiingia kwenye bafa

Hili ndilo tatizo kubwa la aluminati, na linastahili muda kuliko mengine yote.

Unga unaonunuliwa una punje za mikromita makumi, mkubwa mno kwa ukanda. Lazima usagwe, na kusaga huleta hasara mbili. Kila punje inayovunjika hufungua uso mpya wenye kasoro zinazoua mwanga, kwa hiyo chembe ndogo daima ni hafifu kuliko unga mama. Pia uso mpya ndio mlango wa maji. Usisagie kwenye maji hata siku moja. Sagia kwenye ethanoli kavu, kwa shanga za zirkonia, na simamisha mara tu sehemu kubwa ikifika nm 300 hivi. Kusaga zaidi ili upate nm 50 ni kujinyima mwanga bila sababu kama kazi yako ni ukanda. Punje nzito ziondoe kwa kuacha mchanganyiko utuame kwenye ethanoli, kisha nyonya sehemu ya juu.

Baada ya hapo chembe zivishwe gamba la silika. Vipimo vya kuanzia:

Weka mg 100 za chembe kwenye mL 40 za ethanoli kavu, zitikise kwenye bafu ya mawimbi ya sauti dakika 15, maji ya bafu yakiwa na barafu. Hamishia kwenye chupa yenye kikorogeo, ongeza mL 1 ya amonia ya asilimia 28. Kisha TEOS (kimiminika kinachovunjika kuwa silika) µL 100, lakini kwa mafungu manne ya µL 25, kila fungu baada ya dakika 30. Koroga saa 4 zaidi kwa joto la chumba. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 3000 g (g hapa ni mara ya nguvu ya uvutano, si gramu) dakika 5, osha kwa ethanoli mara tatu, kausha kwa 60 hadi 80 °C. Kazi yote ifanyike chini ya kifyonza hewa; mvuke wa TEOS hudhuru macho.

Kiasi hicho, silika yote ikikaa juu ya chembe, hutoa gamba la karibu nm 20. Maji yaliyomo ndani ya amonia yanatosha kuvunja TEOS, hivyo usiongeze mengine. Watu wenye uzoefu wa mapishi ya silika kwenye dhahabu huongeza maji kwa mazoea, na aluminati yao huanza kufa kabla gamba halijashika.

Ukiimwaga TEOS yote kwa mpigo, silika huunda vitone vyake yenyewe badala ya kukaa juu ya chembe. Utaijua kwa kimiminika kinachobaki juu baada ya sentrifuji: kinakuwa kama maziwa lakini ukikichaji haking'ai. Hilo likitokea, tenga kwa kuzungusha taratibu, 500 g, chembe nzito zishuke na vitone vyeupe vibaki juu, kisha rudia kuvisha.

Jaribio la gamba lifanyike kwenye maji matupu, si kwenye bafa. Bafa huficha kupanda kwa pH, na unaweza kuamini gamba ni zima huku chembe zinaliwa ndani kwa ndani. Chukua mg 5 kwenye mL 1 ya maji, pima pH mwanzoni, baada ya saa 1 na baada ya saa 24. Ikibaki chini ya 8.5, gamba linafaa. Ikipanda taratibu, gamba lina matundu: rudia kuvisha kwa nusu ya TEOS. Ikipanda haraka ndani ya saa ya kwanza, chembe hazikuvishwa kabisa. Aghalabu sababu yake ni ethanoli iliyonyonya maji, kwani chupa iliyoachwa wazi katika hewa yetu haikai kavu.

PBS, bafa ya fosfati na chumvi, nayo ina hila yake. Fosfati hushikana na strontiamu inayovuja na kufanya ukungu mweupe. Ukiona ukungu kwenye PBS lakini si kwenye bafa za HEPES au borati, gamba linavuja.

Dalili: chembe zinashikana na kutuama

Zikituama baada ya dakika 10 katika maji safi, ni kubwa mno au hazijatawanyika. Rudisha kwenye bafu ya mawimbi ya sauti. Zikitulia vizuri kwenye maji lakini zikatuama ukiongeza chumvi, uso wake hauna kinga. Anza na bafa nyepesi, borati mM 10, ongeza BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 1, na fikiria kuvisha PEG, polima inayozuia chembe kushikana.

Maji ya kazi yanahitaji kutazamwa hapa. Sehemu kubwa ya maji ya Unguja hupita kwenye mawe ya chokaa ya matumbawe, na visima vya pwani huongezewa chumvi ya bahari. Kalsiamu hiyo huunganisha chembe zenye uso wa silika kama gundi. Chujio la kawaida la maji ya kunywa nyumbani haliitoi. Mashine ya kuondoa ayoni isiyobadilishwa rezini hutoa maji yanayoonekana safi na bado yana kalsiamu. Pima upitishaji umeme wa maji, usiyaamini kwa macho.

Kwa galeti ya zinki, chembe zilizopikwa kwenye tanuri 750 °C hushikana mabonge kwa asili. Zisage, zikoroge usiku kucha kwenye HCl ya mM 5 ili uso upate haidroksili (vikundi vya OH vya kushikia), kisha zungusha 4500 g na uchukue zilizobaki juu, ambazo ndizo ndogo. Ndipo zinapokubali APTES, kemikali inayoweka amini juu ya uso, na baadaye PEG. Mtu anayeruka hatua ya asidi huona APTES haishiki na kudhani dawa imeharibika.

Unapofunga kingamwili kwenye chembe kwa EDC, kemikali ya kuunganishia, usitumie Tris wala bafa yoyote yenye amini. EDC itafunga Tris na kuiacha kingamwili ikielea. Kwa chembe za nm 300, µg 15 hadi 20 za kingamwili kwa kila mg 1 zinatosha kufunika uso. Zaidi ya hapo ni kumwaga pesa, na ziada isiyooshwa hushindana na chembe kwenye mstari.

Dalili: ukanda hauna mstari, au wote unang'aa

Mng'ao ukibaki kwenye pedi ya mwanzo na usiende popote, chembe zimekwama. Sababu ni ukubwa (zaidi ya mikromita 1 hukwama) au pedi kukauka bila sukari. Loweka pedi kwenye sukrosi asilimia 5 na Tween-20 (sabuni laini) asilimia 0.5 kabla ya kuweka chembe.

Mstari wa kontroli ukionekana na wa kipimo usionekane kwenye sampuli unayojua ina antijeni nyingi, punguza sampuli mara kumi na ujaribu tena. Antijeni ikizidi hujaza kingamwili za chembe na za mstari kila moja upande wake, na hakuna kinachounganika. Mstari ukijitokeza baada ya kupunguza, ndiyo hiyo.

Ukanda wote uking'aa kijani kibichi, utando wa ukanda haujazuiwa vizuri (nafasi zake tupu hazijafunikwa kwa protini) au haukuoshwa. Pitisha bafa µL 50 mara mbili baada ya dakika 15, kisha soma. Kama bado, jaribu ukanda usio na kingamwili kwenye mstari wa kipimo. Mstari ukitokea pale ambapo hapana kitu, chembe zinashika utando zenyewe.

Sasa damu. Mkojo wa mgonjwa wa kichocho mara nyingi una damu, na hemoglobini hunyonya mwanga khasa kwenye nm 415 na tena karibu na 540 na 577. Maana yake hula sehemu ya mwanga wa kuchajia na pia sehemu ya kijani kinachorudi. Mstari unaweza kuonekana hafifu kwa mgonjwa mwenye damu nyingi, yaani hafifu kwa yule ambaye kwa kweli anaumwa zaidi. Dawa yake ni kuzungusha mkojo 1000 g dakika 5 kabla ya kuweka kwenye ukanda, kuosha ukanda hadi wekundu utoke, na kutumia uwiano wa mstari wa kipimo kwa mstari wa kontroli badala ya namba moja. Chembe nyekundu zikiwa zimepasuka, sentrifuji haiondoi hemoglobini. Hapo kuosha ndiko kunakookoa.

Unyevu huharibu kanda kabla hata hazijatumika. Zifungwe kwenye mifuko ya foili yenye silika jeli, zifunguliwe pale tu zinapotumika. Silika jeli ikigeuka rangi, ioke 120 °C saa 2, irudishe. Vyumba vya nyumba za mawe Mji Mkongwe vina giza zuri la kusomea, lakini kuta zake zenye chumvi huvuta maji. Soma humo, usihifadhi humo.

Dalili: namba hazirudii, kila ukisoma zinatoka tofauti

Hapa kuna maadui wawili, saa na joto, na wote hupuuzwa.

Mng'ao hufifia kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, takriban kwa mfano wa 1 gawanya muda. Ukisoma kwenye sekunde ya 10 ukachelewa sekunde 2, umepoteza asilimia 17. Kuchelewa kulekule kwenye sekunde ya 60 kunakupunguzia asilimia 3 tu. Kwa hiyo usisome mapema kwa sababu tu mwanga ni mwingi. Sekunde ya 30 ni mapatano mazuri kwa kanda: mwanga bado upo na kosa la mkono ni kama asilimia 6. Mstari hafifu sana unaohitaji kusomwa kwenye sekunde ya 5 usomwe kwa saa ya elektroniki inayozima taa na kufungua kamera yenyewe.

Joto ni kubwa zaidi ya hapo. Elektroni hutoka mtegoni kwa nguvu ya joto. Kwa mtego wa kina cha eV 0.65 (elektronivolti, kipimo cha nishati), ambao ndio wa kawaida kwa aluminati, kupanda kutoka 27 hadi 37 °C huongeza kasi ya kutoka zaidi ya mara mbili. Mng'ao wa mwanzo huongezeka na mng'ao wa mwisho hupungua. Kiyoyozi kikiwaka chumba kiko 23; umeme ukikatika mchana wa kaskazi, baada ya saa moja kiko 31, na kipimo chako kimebadilika bila wewe kugusa kitu. Kanda zilizosomwa asubuhi hazilinganishwi na za alasiri hadi zote zigawanywe kwa kidonge cha rejea kilichokuwa kwenye joto lilelile. Weka kipimajoto ndani ya kisanduku na uandike namba kila mara. Tofauti ikizidi 2 °C, anza upya.

Usiweke kisanduku juu ya friji wala kwenye njia ya hewa ya kiyoyozi. Simu nayo huchemka. Ukipiga picha mfululizo wa sekunde 30, mgongo wake hupasha ukanda ulio chini yake.

Historia ya mwanga pia inahesabika. Ukanda uliokaa juani dakika chache una mitego iliyojaa nusu. Weka sampuli zote gizani usiku mmoja, kisha zichaji zote hadi zijae.

Dalili: picha nyeusi, au picha yenye mwanga usiojulikana

Simu nyingi zina kichujio kinachozuia infraredi, na kichujio hicho hula sehemu kubwa ya nm 695. Kwa simu tumia aluminati ya kijani. Zima kila kitu cha kujiendesha: hali ya usiku, HDR, fokasi ya moja kwa moja. Piga faili ghafi (RAW), ISO 800 hadi 1600, sekunde 10 hadi 30, fokasi uifunge kwanza kwa mwanga wa kawaida ukitumia kipande cha karatasi yenye maandishi mahali pa ukanda. Hali ya usiku ni hatari khasa, kwani simu hulainisha picha na kuung'arisha mstari hafifu kama madoa, au huufuta.

Piga picha ya kisanduku kitupu kwa mipangilio ileile. Uking'aa ukingo, kuna tundu. Jua la Zanzibar saa sita halihitaji zaidi ya mwanya wa unywele. Funika mshono kwa mkanda mweusi wa fundi umeme na ujaribu tena. Ukiona nukta nyeupe zilizotawanyika kila mahali, ni joto la kihisi cha kamera, na huongezeka karibu maradufu kwa kila 6 hadi 8 °C. Picha hiyo ya kisanduku kitupu iondoe kwenye picha ya sampuli kwa programu yoyote ya picha.

Mwanga wa kijani kwenye sahani nyeupe ya visima 96 kabla hujaweka chembe ni wa plastiki yenyewe. Sahani nyeupe hung'aa kwa muda baada ya kuona mwanga. Iache gizani dakika 15, au tumia nyeusi.

Kihisi cha kuzima na kuwasha

Baadhi ya vipimo hufunika chembe kwa vipande vyembamba vya dioksidi ya manganizi vinavyonyonya mwanga wake. Glutathioni, kemikali ya ndani ya seli ambayo ndiyo inayopimwa, ikija huyeyusha vipande hivyo na mwanga hurudi. Mwanga ukirudi bila sampuli, tafuta kitu kingine kinachoyeyusha manganizi: DTT au merkaptoethanoli (kemikali zenye salfa) kwenye bafa ya kingamwili, au vitamini C. Hizo zote hufanya kazi ya glutathioni. Mwanga usiporudi kabisa hata ukiongeza glutathioni nyingi, uliweka manganizi mengi mno. Punguza hadi mwanga uzimwe asilimia 80 au 90, si 100.

Picha ndani ya panya

Hii ni kazi ya wenye kibali cha maadili na banda la wanyama linalokubalika. Chembe hizi si dawa na hazidungwi mtu.

Mwanga ukijaa mapafuni mara baada ya kudunga kwenye mshipa, chembe zilishikana ndani ya sindano au ndani ya damu. Rudi kwenye sehemu ya kushikana na uongeze PEG. Mwanga ukiishia kwenye ini na wengu ndani ya muda mfupi, hilo ni jambo la kawaida kwa chembe zisizo na PEG. Seli za ini huzikamata. Zenye PEG na zilizo chini ya nm 100 hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi.

Mwanga ukiisha kabla hujamaliza kupiga picha, chaji upya ukiwa umemweka mnyama mahali pake. Galeti ya zinki hukubali kuchajiwa upya kwa LED ya rangi ya chungwa au nyekundu kupitia ngozi, sekunde 60 hadi 120. Hilo aluminati haliwezi. Baada ya kuzima LED subiri sekunde 5 hadi 10, kwani chakula chenye majani makavu kina klorofili, nayo hung'aa karibu na nm 680 na huenda ikaacha mkia mfupi wa mwanga tumboni. Tumbo likiendelea kung'aa hata baada ya kusubiri, mpe mnyama chakula kisicho na majani siku chache kabla ya picha. Manyoya meusi hunyonya mwanga. Chagua panya weupe, au nyoa sehemu unayoipiga.